SAUMU YA RAMADHANI: MAANA YAKE NA SHERIA ZAKE

Kamere, kusini ya Ziwa Naivasha, ni mahali palipokusanya watu wa makabila na dini mbalimbali, waliokuja kutafuta kazi katika mashamba ya maua au kuvua samaki. Hapo Mwislamu na asiye Mwislamu hufanya kazi bega kwa bega, na nyumba zao hutengwa na ukuta mmoja tu. Mwezi wa Ramadhani uandamapo, jirani humwona mwenziwe hali wala hanywi mchana kutwa, na pengine hudhani kuwa anajitesa bure. Yafaa basi kila mtu aelewe maana ya jambo hili.

ASILI YA SAUMU. Kufunga Ramadhani ni mojawapo ya nguzo tano za Uislamu. Kulifaradhishwa katika mwaka wa pili baada ya Hijra, yaani mwaka 624, na amri yake imo katika sura ya pili ya Kurani. Sababu iliyotajwa humo ni kumfanya mtu awe mcha Mungu. Kwa hiyo njaa si kusudi lenyewe, bali ni njia. Mwenye kuzuia mkono wake usitwae chakula chake cha halali hujifunza kuuzuia usitwae cha haramu. Asemaye uongo, asengenyaye au agombanaye hupoteza thawabu ya saumu yake, hata kama tumbo lake li tupu.

MWEZI KUANDAMA. Mwaka wa Kiislamu huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, nao ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kawaida. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote: mwaka 2008 ilianza mapema Septemba, na mwaka 2025 mapema Machi. Watu wa pwani huuita mwezi unaoifuata Mfunguo Mosi, na kuhesabu hivyo mpaka Mfunguo Kenda. Ndiyo kusema saumu ndiyo iliyopanga kalenda yao. Katika Kenya, Kadhi Mkuu hutangaza kuandama kwa mwezi.

JINSI YA KUFUNGA. Mtu hutia nia usiku, hula daku kabla ya alfajiri, kisha hujizuia na chakula, kinywaji, tumbaku na tendo la ndoa mpaka jua litue. Kwa kuwa Naivasha i karibu na ikweta, muda huo hauzidi sana saa 13 na nusu katika majira yoyote, ambapo katika nchi za kaskazini ya Ulaya waweza kupita saa 17 wakati wa kiangazi. Jua likitua hufuturu, aghalabu kwa tende na maji, kisha uji, viazi vitamu au muhogo. Baada ya sala ya isha husaliwa tarawehe. Mwenye kula kwa kusahau saumu yake haikuharibika. Na aendelee kufunga.

WALIORUHUSIWA KULA. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe laweza kuleta hasara ya maisha. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku hizo baadaye. Mwenye mimba au anyonyeshaye, akihofia afya yake au ya mtoto, vilevile aweza kula. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, naye hulipa. Mzee asiyejiweza, au mgonjwa asiyetumainiwa kupona, hutoa chakula kwa maskini mmoja kwa kila siku. Mwenye ugonjwa wa sukari na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, asiache dawa kwa fikira zake mwenyewe.

Na mtu wa kibarua je, atokwaye jasho katika nyumba za plastiki zinamokuzwa waridi? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wasema: atie nia usiku na aanze siku akiwa amefunga, akizidiwa hata akahofia kudhurika, afungue na alipe siku nyingine. Dini haikumtaka aanguke kazini.

WAJIBU WA JIRANI. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Msimamizi mwenye busara aweza kumpangia afungaye kazi nzito asubuhi, kabla ya joto kuzidi. Naye afungaye asiifanye saumu kuwa kisingizio cha uvivu au hasira.

Mwezi humalizika kwa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula cha mahali, kama mahindi au mchele, hupewa maskini kabla ya sala ya Idi, ili asiwepo mwenye njaa siku hiyo. Sikukuu hiyo ni siku ya mapumziko kwa Kenya nzima. Basi jirani akikuletea sahani ya pilau siku ya Idi, ipokee kwa moyo mweupe. Aliyeshinda na njaa mwezi mzima aijua thamani ya chakula anachokupa.