Fahamu: Muuguzi wa upandikizaji figo hufanya kazi gani?

Upandikizaji figo ukitajwa, wengi humwaza daktari wa upasuaji tu. Muuguzi wa upandikizaji humwandaa mgonjwa na mtoaji figo, kisha huwafuatilia baada ya upasuaji.

Kazi kubwa iko nyumbani

Mkazi wa Dandora, Nairobi, akiruhusiwa kutoka Hospitali Kuu ya Kenyatta, figo yake mpya hutegemea dawa za kushusha kinga, kwa kawaida maisha yote. Takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, mara nyingi humezwa kila baada ya saa 12. Ikizidi huumiza figo. Ikipungua mwili unaweza kuikataa figo. Muuguzi humfundisha dalili za hatari: homa, miguu kuvimba, mkojo kupungua. Humwonya pia kuhusu balungi, linalopandisha kiwango cha dawa mwilini, na kuhusu msongamano wa watu, ambako maambukizi huenea kwa urahisi. Ushauri huo ni rahisi kuutoa, mgumu kuufuata ndani ya matatu ya asubuhi Jogoo Road.

Utafiti unaelekea wapi?

Watafiti wa uuguzi sasa wanauliza zaidi kwa nini wagonjwa huruka dozi, jamaa hubeba mzigo gani, na kama simu inaweza kusaidia ufuatiliaji.

Mtoaji analindwaje?

Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inakataza biashara ya viungo. Ndiyo maana mtoaji anapaswa kuhojiwa faraghani, mbali na jamaa, ili aweze kusema kama amelipwa au kushinikizwa.

Ukiwa umepandikizwa figo, usiache dawa kabla ya kuzungumza na kliniki yako.