Amplifaya inayoongozwa kwa volti

Amplifaya inayoongozwa kwa volti (kifupi VCA) ni moduli ya sinthesaiza inayoamua sauti isikike kwa nguvu kiasi gani. Sauti ya redio huongezwa kwa mkono. Ya VCA huongezwa na volti inayoletwa kwa waya kutoka moduli nyingine.

Jina lake huweza kumpotosha mwanafunzi, kwa kuwa mara nyingi moduli hii haikuzi chochote. Huipunguza sauti au huiachia ipite jinsi ilivyo, kama koki: maji yamo bombani wakati wote, koki huamua yatoke kiasi gani.

Utendaji

Osileta hulia bila kukoma maadamu umeme upo. Mpigaji akibonyeza kinanda, jenereta ya envelopu hutoa volti inayopanda, kushuka kidogo, kutulia, kisha kurudi sifuri kidole kinapoondolewa. VCA huifuata. Volti ikipanda ghafla na kushuka upesi, mlio hukatika kama wa ngoma. Ikipanda taratibu, mlio uleule hukua kama wa zeze linalopigwa kwa upinde.

Kuna VCA za mwitikio mnyoofu na za mwitikio wa kipeo. Katika aina ya kwanza, ikiwa volti 5 hupitisha wimbi zima, volti 2.5 hupitisha nusu yake. Lakini sikio halihesabu hivyo: nusu ya kimo cha wimbi ni punguzo la desibeli 6 tu, ilhali watu wengi husema sauti imepungua nusu inapofikia desibeli 10 hivi. Aina ya pili hubadilisha desibeli zilezile kwa kila hatua sawa ya volti, hivyo hukaribia usikivu wa binadamu. Kampuni ya Doepfer ya Ujerumani imewahi kutengeneza zote mbili, A-130 (mnyoofu) na A-131 (kipeo). Hata hivyo envelopu nyingi hutokana na kapasita inayopoteza chaji, na mshuko wake tayari ni wa kipeo. Kwa hiyo VCA nyoofu mara nyingi hutosha.

Historia

Robert Moog alianza kuunda moduli za namna hii nchini Marekani mwaka 1964. Huko California, Don Buchla alitumia taa ndogo na rezista inayohisi mwanga ndani ya kasha lililofungwa. Rezista hiyo huchelewa kidogo kurudi taa inapozimika, ndiyo maana milio yake hufifia kama ubao uliogongwa.

Mjini Kampala, Brian Bamanya, ajulikanaye kama Afrorack, alijijengea sinthesaiza ya moduli badala ya kununua moduli ghali za nje. Albamu yake *The Afrorack* ilitolewa mwaka 2022 na lebo ya Hakuna Kulala. Kwa anayetaka kujenga, VCA ni moduli nzuri ya kuanzia: chipu ya LM13700, rezista na kapasita chache hutosha. Kipimo chake ni ukimya. Volti ya kuongoza ikiwa sifuri na mlio bado unapenya, rezista ya kurekebisha haijawekwa sawa.