Mlinzi na Zamu Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wazee wetu hawakuijua, na sisi wenyewe twaijua kwa kusikia tu, lakini watoto wetu wanaifanya. Wengine inawaumiza, na sisi tunaowapenda ndio huwa wa mwisho kutambua.

Miaka michache iliyopita, wakati wa Krismasi, mama mmoja wa parishi yetu alinijia baada ya ibada. Akaniambia, "Mchungaji, njoo umwombee kijana wangu. Amerudi kutoka Nairobi, lakini huyu aliyerudi siye yule aliyeondoka." Mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari zake, ila jina na kijiji chake sitavitaja. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, mbali na wageni, simu mbili zimewekwa mbele yake mezani. Chakula chake kilikuwa kimepoa. Kila baada ya dakika moja au mbili alizitazama zile simu, ingawa hakuna iliyolia. Mama yake akaninong'oneza kwamba usiku huamka ghafula akisema simu inaita, na kwamba majirani wameanza kusema amerogwa kwa wivu, kwa sababu ndiye wa kwanza katika ukoo kuajiriwa benki.

Nikamwuliza kazi yake hasa ni ipi. Akatabasamu kidogo, akasema, "Baba, mimi ni soja. Ila sina rungu."

Hebu niwaeleze kama alivyonieleza, maana nami sikujua. Siku hizi fedha za benki, akiba za vyama vya ushirika, kumbukumbu za wagonjwa na vyeti vya serikali vimo ndani ya kompyuta, na kompyuta hizo zimeunganishwa na dunia nzima. Mwizi hana haja ya kuvunja kufuli. Aweza kuketi nchi ya mbali, akajaribu mlango mmoja baada ya mwingine mpaka apate uliosahauliwa wazi. Ndipo huajiriwa watu wa kukesha mbele ya kompyuta, nao husaidiwa na mitambo inayopiga kengele kila ionapo jambo geni. Lakini mitambo hiyo ni kama mbwa wa boma. Humbwekea mwizi, humbwekea paka, hulibwekea hata jani la mgomba likitikiswa na upepo. Kengele zaweza kuwa mamia kwa siku moja, na karibu zote si kitu. Hata hivyo kila moja lazima itazamwe, kwa maana huenda hiyo ndiyo ya mwizi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilisema kwamba katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2025 peke yake ilihesabu vitisho zaidi ya bilioni 2.5 katika mitandao ya nchi hii. Vingi vya hivyo ni kugonga tu mlangoni. Lakini anayeketi nyuma ya mlango unaogongwa usiku kucha hapati usingizi.

Wezi hawa wanajua kalenda. Mwezi wa Februari mwaka 2016 waliiba dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh. Walitoa amri zao Alhamisi usiku, kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko kule; na fedha zilipelekwa Manila, ambako Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina. Watu waliporudi kazini, fedha zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliwaonya wenye makampuni kwamba mashambulio makubwa ya mwaka ule yalikuwa yamekuja mwishoni mwa juma na siku za sikukuu. Sasa mwaelewa kwa nini kijana yule hakuweza kula nyama ya Krismasi. Kwake yeye sikukuu ndiyo saa ya hatari.

Nasi hapa kwetu tulionja. Tarehe 27 Julai 2023 serikali ilithibitisha kwamba mtandao wa eCitizen, uliokuwa umewekwa huduma zaidi ya 5,000, umeshambuliwa. Waliojitwika jambo hilo walijiita Anonymous Sudan. Hawakuvunja sanduku, walifanya kama watu elfu wajao kwenye duka moja dogo wakajazana mlangoni, hakuna anayenunua, na mnunuzi wa kweli asipate pa kupita. Watu wakakwama kuomba pasipoti, wengine kununua tokeni za stima, hata huduma za fedha kwa simu zikasumbuka. Mwezi wa Oktoba 2024 ndugu wawili Wasudani walishtakiwa Marekani kwamba ndio walioliongoza kundi hilo. Siku zile za Julai kila mtu alilalamika, nami nililalamika, nilikuwa na shughuli yangu. Sikumbuki kwamba nilifikiri hata mara moja juu ya vijana waliokuwa wakihangaika usiku huo kurudisha kila kitu mahali pake.

Hilo nalo ni sehemu ya mzigo wao. Mwalimu huona mtoto akifaulu, mkulima huona mahindi. Mlinzi wa kompyuta akifanya kazi yake vizuri mwaka mzima, hakuna lililotokea, na kwa jambo ambalo halikutokea hakuna anayeshukuru. Akikosa mara moja, jina lake linaitwa mbele ya wakubwa.

Sasa niseme nilichofanya mimi chini ya ule mwembe, na ninaona haya kukisema. Nilimwambia aongeze maombi, na amshukuru Mungu kwa kuwa vijana wengi wa Migori na Homa Bay wamemaliza vyuo na hawana kazi kabisa. Nikamwekea mikono, nikaomba, nikanywa chai, nikaenda zangu. Naye akaitikia "Amina" kwa adabu. Hakuna aliyeyajali macho yake mekundu, wala kumwuliza kwa muda gani hajalala.

Mwezi wa Machi nilipigiwa simu na mwenzake wa kazi. Walimkuta asubuhi ameketi kwenye ngazi za ofisi, hawezi kupanda wala kushuka, analia bila kujua sababu. Walimpeleka hospitali. Huko alimwambia daktari jambo ambalo hakuwa ameniambia mimi mchungaji wake, kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa akifikiri afadhali asiwepo.

Nilipokwenda kumwona nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Akajibu, "Baba, ningekuambia nini? Nyumbani wangesema nimerogwa, kanisani wangesema sina imani, kazini wangesema sifai. Na sheria ingesema mimi ni mhalifu." Hilo la mwisho lilikuwa kweli wakati ule. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa na kosa. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Lakini yale matatu ya kwanza hayakuandikwa na Bunge. Ni sisi tuliyaandika, nyumbani na kanisani.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi mpaka mtu kuishiwa. Halikuiita ugonjwa, lilisema hutokana na shida za kazini zilizodumu bila kutatuliwa, na likataja dalili zake. Nguvu humwisha mtu. Moyo wake hujitenga na kazi, akaanza kuisema kwa uchungu au kwa dhihaka. Na kazi aliyoiweza jana, leo haiwezi. Tazameni vizuri: hiyo si hali ya mvivu. Mvivu hafiki huko. Na isipotazamwa yaweza kumfikisha mtu katika ugonjwa kamili wa moyo kuzama, ambao watibiwa kama vile malaria itibiwavyo, kwa dawa na kwa mazungumzo. Aanzie hospitali ya kaunti, Migori au Homa Bay. Wakiona yafaa watampeleka mbele, Kisumu au Mathari kule Nairobi. Kumpeleka huko si kumnyima maombi.

Mnakumbuka habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Alikuwa amekimbia, amechoka, akaketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Maswali yalikuja baadaye sana, baada ya kulala na kula. Mimi nilianza na maswali na mahubiri.

Kuna wakubwa wa kazi ambao hupenda sana sura ya nne ya Nehemia, jinsi watu walivyojenga ukuta huku wameshika silaha, nusu wakilinda, wala hawakuvua nguo zao usiku. Ni mfano mzuri wa bidii. Lakini endeleeni mpaka sura ya sita, mstari wa 15. Ukuta ulikwisha kwa siku 52. Walilala na nguo zao siku zisizozidi hamsini na mbili, kisha wakavua. Kijana wetu alikuwa amelala hivyo kwa miaka minne. Walikuwa watatu katika zamu. Mmoja akaacha kazi, hakuajiriwa mwingine. Na huyu ambaye hajaoa ndiye aliyeambiwa ashike simu ya usiku kila mara.

Wavuvi wetu wa omena wanaelewa jambo hili kuliko mameneja. Hutoka na taa zao usiku wa giza, na mwezi ukijaa hupumzika, kwa sababu samaki haifuati taa pakiwa na mbalamwezi. Ziwa lenyewe limewapa likizo. Kwenye kompyuta hakuna mbalamwezi. Pumziko lisipowekwa na binadamu halitakuja, na sheria ya kazi ya mwaka 2007 imeagiza kila mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku ambayo simu ya kazi iko mfukoni, na moyo unaisikiliza, mimi siihesabu.

Kanisani wamo wenye kuajiri, nao wanisikie. Lakini nasi jamaa tunayo yetu. Kijana wa kompyuta akifika nyumbani, kila shangazi ana simu ya kufunguliwa, kila mjomba ana neno la siri alilosahau. Na mtu akidanganywa na matapeli, akatoa namba yake ya siri ya M-Pesa kwa mtu asiyemjua, humpigia huyo kijana saa sita ya usiku amrudishie fedha. Mama yangu mpendwa, namba ile usiitoe kwa mtu ye yote, hata akisema anatoka kampuni, ndipo na mwanao atalala.

Yule kijana yu hai, na yuko kazini, mahali pengine ambapo wako sita nao hupokezana zamu. Bado anatumia dawa, na kila mwezi hukutana na mshauri wake. Mama yake ameniambia kwamba anakuja juma hili kwa basi la usiku, atashuka Rongo Jumapili alfajiri, na simu ya kazi amemwachia mwenziwe. Aliniuliza kama amlete moja kwa moja ibadani. Nimemwambia amtengenezee uji, afunge dirisha, amwache alale. Mimi nitapita jioni kumsalimu.