Kigunduzi cha Gesi ya Sayanaidi: Utangulizi kwa Fundi Mgeni

Ikiwa umeajiriwa karibuni katika kituo cha kuchenjulia dhahabu huku Migori, tuseme upande wa Rongo au kule Macalder, pengine umeonyeshwa kisanduku kilichofungwa ukutani karibu na matangi, ukaambiwa kuanzia leo ni mzigo wako. Usitishike. Mambo ya msingi ni machache, na ukiyashika, kitabu cha mtengenezaji kitasomeka bila shida.

Tuanze na gesi yenyewe. Wachimbaji wadogo husaga mawe, huyaosha, kisha hunasa dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki, ambao wenzetu wa Tanzania huuita marudio, bado una dhahabu ndani yake. Huo ndio unaolowekwa katika maji ya sayanaidi ya sodiamu, njia iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887. Sayanaidi hutulia majini mradi pH, yaani kipimo cha uasidi kinachoanzia 0 hadi 14, isishuke chini ya 10.5 hivi. Chokaa unayoiona ikimwagwa kwenye matangi ni ya kazi hiyo. Mvua ya masika ikiingia kwenye tangi lisilo na paa, pH hushuka, na sehemu ya sayanaidi hutoka majini ikiwa gesi: haidrojeni sayanaidi. Utasikia kwamba inanukia kama lozi chungu. Usiitegemee pua; wako watu waliozaliwa bila uwezo wa kuinusa kabisa.

Gesi hii hupimwa kwa sehemu kwa milioni: katika kila sehemu milioni moja za hewa, ni ngapi zilizo gesi? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka 4.7 kuwa kikomo cha kuivuta kwa muda mfupi, na 50 kuwa kiwango kinachohatarisha uhai papo hapo. Nafasi ya kukosea ni ndogo.

Ndani ya kisanduku mna kihisi, yaani kile kipande kinachoitambua gesi. Gesi hupenya utando mwembamba, hukutana na kimiminika na vipande vya metali, na mmenyuko huo huzaa umeme kidogo sana. Gesi ikiongezeka, umeme nao huongezeka. Basi kisanduku hakijui sayanaidi ni nini. Kinachojua ni umeme tu, nacho huugeuza kuwa namba kama kilivyofundishwa. Kukifundisha upya kwa gesi ya kiasi kinachojulikana ndiko kuitwako kalibresheni. Lazima irudiwe, kwa sababu kihisi huzeeka, na joto la chini ya mabati hukausha kimiminika chake. Gesi ikiwa ileile, namba huanza kupungua.

Somo lina nukta mbili. Ya kwanza ni sifuri, na hapa ndipo wageni wengi hupita mbio. Ukiwa mkulima wa miwa, unajua kwamba mizani isiposoma sifuri kabla trekta halijapanda, kila tani inayofuata ni ya uongo. Sasa fikiria fundi anayebonyeza sifuri asubuhi karibu na tangi, hewa ikiwa tayari na 3. Kisanduku kitakubali kwamba 3 ni hewa safi. Mchana gesi ikifika 7, kitaonyesha 4, na king'ora kilichowekwa 4.7 kitanyamaza. Kwa hiyo usiiamini hewa ya pale. Tumia hewa safi ya silinda, hata ukiambiwa unapoteza pesa.

Nukta ya pili ni ya juu. Unaleta silinda yenye, kwa mfano, 10, unavisha kihisi kikombe chake, na kupitisha gesi taratibu, mara nyingi nusu lita kwa dakika. Mrija uwe wa Teflon na uwe mfupi, maana gesi hii hung'ang'ania mpira wa kawaida na kufika pungufu. Subiri namba itulie; haraka ya nusu dakika huharibu kazi yote. Ikitulia kwenye 7, ndipo unapokiambia: hii ni 10. Tazama pia tarehe ya silinda, kwani haidrojeni sayanaidi hupungua nguvu humo ndani. Na usishawishike kuazima silinda ya haidrojeni salfaidi kwa kuwa tu namba inapanda. Vihisi vingi vya sayanaidi huitikia gesi hiyo pia, lakini si kwa kiwango kilekile.

Kabla ya yote hayo, waarifu walio kazini, kisha zuia king'ora kisiwatimue watu bure. Vaa kigunduzi kidogo cha mkononi, maana wakati huo kile cha ukutani hakimlindi mtu. Awepo mwenzako karibu. Ukimaliza, ngoja namba irudi sifuri, kisha ondoa kizuizi. Mimi humtaka mwenzangu aseme kwa sauti kwamba kimeondolewa. King'ora kilichosahauliwa kimezimwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa watu hukitegemea.

Katika daftari, andika namba uliyoikuta kabla ya kugusa chochote. Mafundi wengi huandika 10 waliyoiweka, jambo lisilomsaidia yeyote. Ukikuta 9, safari ijayo 7, kisha 5, kihisi kinakufa. Agiza kingine mapema, kabla hakijafika mahali ambapo hata kalibresheni haikiinui.