Akiba haiozi: Somo la Xbox kwa kibanda cha gemu Arua

MPWA wangu anaendesha kibanda cha gemu katika jiji la Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Usiku mmoja alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na PlayStation zake mbili kati ya tatu zikaungua.

"Mjomba, niazime fedha ninunue mbili nyingine, tena za kisasa," alisema. "Vijana wanahamia kwa jirani."

Nilifunga safari. Kijana akicheza mechi moja kwake hulipa Sh500 za Uganda. Nilipomuuliza ameweka kiasi gani kando kwa siku kama hiyo, alinyamaza. Kila alichopata alikuwa amekigeuza kuwa mashine nyingine.

Nikamsimulia habari za Microsoft.

Kampuni hiyo ya Marekani ilipoingiza Xbox sokoni Novemba 2001, iliiuza dola 299, chini ya gharama ya kuitengeneza. Haikukosea hesabu. Katika biashara hiyo mashine ni chambo na samaki ni gemu, kwa kuwa kila gemu inayouzwa humpa mwenye mashine fungu lake. Mei 2021, ofisa wa Microsoft, Lori Wright, aliieleza mahakama nchini Marekani kwamba kampuni haijawahi kupata faida kwa kuuza Xbox yenyewe.

Lakini anayesubiri samaki naye lazima ale. Sega ya Japani haikuweza kusubiri: Januari 2001, ikielemewa na hasara, ilitangaza kuacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast.

Microsoft ilisubiri kwa sababu ilikuwa na akiba. Kufikia Juni 2004 ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 60 za fedha taslimu na vitega uchumi vya muda mfupi. Xbox ya kwanza iliuzwa takriban milioni 24 tu, wakati PlayStation 2 ya Sony ilipita milioni 155. Mwingine angefunga duka. Julai 2007, Xbox 360 zilipokuwa zikiharibika kwa wingi, kampuni ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kuzitengeneza bila kuwatoza wateja. Oktoba 2023 ikakamilisha kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69.

"Sasa mjomba, mimi bilioni nitazitoa wapi?" aliniuliza.

Hapo ndipo penye somo. Mpwa wangu hununua mashine za mtumba kwa bei kamili. Hakuna anayembebea hasara. Gemu ikiuzwa hapati fungu lolote. Samaki wake ni ile Sh500, nayo ndiyo ilipe pango, umeme na mashine yenyewe. Kama tajiri wa mabilioni huweka akiba ya kufia mashine, vipi mwenye mashine tatu?

Kesho yake tulipanda gari hadi Koboko, mji ulio karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo. Huko namfahamu mama mmoja mwenye televisheni moja na PlayStation moja. Kila jioni, katika kila Sh500 tano anazopokea, moja huingia kwenye kopo. Umeme ukikatika huchomoa waya, na haurudishi mpaka taa itulie.

Mashine yake iliwahi kufa. Siku ya tatu alikuwa amefungua tena.

"Mwanangu, mashine haikuagi ikitaka kufa," alimwambia mpwa wangu.

Tukiwa njiani kurudi hakusema mengi. Tulipofika Arua nilimwazima fedha za mashine moja ya mtumba, si mbili za kisasa kama alivyotaka, na nikamnunulia kopo.

Ushindani bado upo. Arua ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na mwaka 2024 West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa. Wenye mitaji mikubwa kuliko yake watazidi kuja. Jirani yake bado ana mashine nyingi zaidi, na baadhi ya vijana hawajarudi.

Lakini juzi alinipigia simu tena. Nilidhani anataka mkopo mwingine.

"Mjomba," alisema, "kopo limejaa. Nianze la pili?"