Kababu Bapa za Nyama ya Ng'ombe na Pilipili ya Kupika

Katika maongezi haya twataka kueleza habari za chakula ambacho vijana wa mjini hukiita baga, nacho si kigeni kwetu kama jina lake lilivyo. Watu wa pwani wamepika kababu za nyama ya kusaga tangu zamani, wakitia bizari, mkate na yai ili zishikane. Baga ni ndugu yake kababu: ni nyama ya ng'ombe tupu, iliyosagwa, ikafinyangwa bapa, ikakaangwa, kisha ikatiwa katikati ya skonzi. Jina lake latokana na mji wa Hamburg, Ujerumani, lakini walioieneza duniani ni Wamarekani. Sisi twaonelea kuiita kababu bapa, na kila asikiaye atafahamu.

Huenda mtu wa Shinyanga akauliza: Nyama twajua kuichoma, na kuichemsha twajua, ya nini kuisaga? Swali ni la haki. Lakini ng'ombe wetu wa asili hutembea mwendo mrefu kutafuta maji na malisho wakati wa kiangazi, na nyama ya mguu wake huwa ngumu. Ng'ombe mzee ndiye zaidi. Kuichemsha hata ilainike kwataka saa nyingi na kuni nyingi, na uhaba wa kuni Shinyanga haufichiki. Ni katika sababu zilizoanzisha kazi ya kuhifadhi ardhi iitwayo HASHI mwaka 1986, na kuwarudisha watu kwenye ngitili zao. Nyama ikisagwa, nyuzi zake ngumu hukatika vipande vifupi, na robo saa ya moto yatosha.

Hata hivyo nyama iliyosagwa ni kitu kingine kabisa, na hapa twamwomba msomaji asipite upesi. Katika pande zima la nyama, vijidudu vya uchafu kwa kawaida hukaa juu, palipoguswa na kisu, mikono na nzi. Moto huanza papo hapo juu, ukaviua. Ukisaga, yaliyokuwa nje umeyapeleka ndani, tena umeyatawanya kila mahali. Ndiyo maana mtu aweza kula mshikaki ambao katikati bado ni mwekundu kidogo asidhurike, lakini kababu yenye wekundu ndani ikamlaza, na mtoto mdogo ikamwua. Basi nyama isagwe siku ile ile ya kuchinjwa, ipikwe upesi, wala isilale bila barafu. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi, maana yeye hutazama pia kama mna tegu. Na mnyama aliyejifia mwenyewe asiliwe kabisa, wala asipasuliwe. Ikiwa ni kimeta, mbegu zake hustahimili hata maji yachemkayo, na wachunaji huambukizwa kabla ya walaji.

Kwa watu sita, kilo 1 ya nyama yatosha. Sehemu moja katika tano na iwe mafuta; nyama ya kiangazi haina mafuta, kwa hiyo mwombe mchinjaji akuongezee ya kidari. Asiye na mashine na aikate kwa visu viwili vikali juu ya ubao mpaka iwe chembechembe. Kinu hatukipendi, kwa kuwa huiponda nyama ikawa kama uji. Usiikande kama unga wa chapati, wala usiichanganye na chumvi mapema, kwa sababu chumvi huifanya nyama ing'ang'aniane, na kababu ikawa ngumu kama mpira. Finyanga madonge sita, uyabonyeze hata unene wake uwe kama kidole, na katikati utie shimo dogo kwa dole gumba. Bila shimo hilo kababu huvimba tumbo motoni. Chumvi na pilipili manga nyunyiza juu zinapoingia kikaangoni. Kaanga kila upande mpaka uwe kahawia iliyokolea. Mwenye kipima joto na angoje nyuzi 71 katikati. Asiye nacho na aipasue moja iliyo nene kuliko zote, atazame kama maji yatokayo hayana damu. Rangi yaweza kudanganya, ndiyo sababu twasema kababu ziwe nyembamba.

Sasa habari ya kikaango chenyewe, na maneno haya twawaelekezea hasa ndugu zetu wa machimbo ya Geita. Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha hulichoma lile donge. Zebaki hupanda kama mvuke usioonekana wala usionuka, ikashika vyombo, nguo na kuta. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, na mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko mama yake. Chombo kilichochomewa donge hilo hata mara moja kisipikiwe tena, hata kikisuguliwa kwa mchanga na majivu hata king'ae. Wala donge lisichomwe kwenye jiko la chakula, wala ndani ya nyumba. Kikaango kipya bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara hiyo.

Imebaki pilipili ya kupika. Kaanga kitunguu kilichokatwa katika mafuta ya pamba, ambayo ni mali ya nchi yetu ya Usukuma, kisha tia punje tatu za kitunguu saumu, nyanya sita zilizoiva na pilipili mbuzi nne. Ukali wa pilipili hukaa hasa katika utando mweupe ushikao mbegu, basi asiyependa ukali na auondoe. Nyanya zikivunjika, mimina kikombe cha maji ya ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, na chumvi kidogo, uache ichemke mpaka iwe nzito. Uchachu wa ukwaju hupendeza na mafuta ya nyama kuliko siki ya dukani, kwa maoni yetu. Atakayeungua ulimi na anywe maziwa. Maji hayasaidii, maana ukali ule huyeyuka katika mafuta. Pasipo na skonzi, kababu huliwa vizuri kwa chapati au kwa viazi vitamu vilivyochemshwa.