Pumba, Kimea na Samaki wa Bwawani

Leo twapenda kuzungumza habari za chakula cha samaki wafugwao bwawani. Watu wengi hudhani ya kuwa kulisha samaki ni kumwaga pumba majini na kungojea. Sisi nasi tulidhani vivyo hivyo. Katika bwawa tulilolichimba pamoja na wanafunzi wetu tuliwatilia perege pumba za mpunga kila siku, tena kwa wingi. Maji yakageuka rangi ya majani, samaki wasikue. Hata alfajiri moja tukawakuta wengi wanaelea, wamekufa. Kosa lilikuwa letu wenyewe, nalo ndilo lililotufunza.

Kwanza yafaa tujue kwa nini twatumia pumba. Chakula kikuzacho samaki upesi ni dagaa waliosagwa. Lakini dagaa, kama wale wa Ziwa Viktoria, ni kitoweo cha watu wengi wasio na mali. Tukiwanunua kwa magunia ili kulisha samaki, twashindana na sufuria ya jirani. Kwa hiyo ni busara kutumia mabaki ya mimea: pumba za nafaka, na mashudu ya alizeti na ya pamba. Na perege hukubali vyakula vya mimea kuliko samaki walao nyama.

Basi mbona samaki wetu hawakukua? Sababu ni mbili. Kwanza, pumba za mpunga zina protini yapata sehemu 12 tu katika 100, na perege akuaye hutaka 25 hata 30. Pili, katika pumba mna fosforasi, ijengayo mifupa. Lakini thuluthi mbili na zaidi ya fosforasi hiyo imefungwa ndani ya kitu kiitwacho fitati, mfano wa fedha iliyo sandukuni na ufunguo haupo. Tumbo la samaki halina ufunguo huo. Fosforasi ile hupita tumboni ikatoka vile vile, ikarutubisha mimea midogo ya majini, maji yakawa kijani. Usiku mimea hiyo, pamoja na pumba zinazooza, humaliza oksijeni iliyomo majini, na alfajiri samaki hukosa pumzi.

Ufunguo huo ni kimeng'enya. Jina ni geni, bali kazi yake mama zetu waijua tangu zamani. Apikaye togwa hutia kimea katika uji mzito, nao ukawa mwepesi na mtamu, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo katika kimea hukata wanga ukawa sukari. Kila kimeng'enya kina kufuli lake. Kifunguacho fitati chaitwa fitesi. Mwaka 1907 mtaalamu wa Japani, Suzuki, pamoja na wenzake, walieleza jinsi walivyokiona katika pumba za mpunga. Siku hizi hutengenezwa kwa kufuga ukungu na vijidudu viwandani, na watengenezaji wa chakula cha samaki mara nyingi hutia vizio 500 hata 1,000 katika kila kilo.

Tena mpika togwa hatii kimea uji unapochemka, maana kitaungua kisifanye kazi. Ndivyo ilivyo fitesi: moto mkali huiharibu. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huinyunyizia chakula kikiisha kupoa.

Asiye na fedha za kununua afanyeje? Pumba za ngano zina fitesi nyingi ya asili. Na achanganye pumba za ngano na za mpunga, atie maji ya vuguvugu, afunike usiku kucha. Hivyo sehemu ya fosforasi itafunguliwa. Asubuhi aongeze mashudu ya alizeti na unga wa soya, afinyange madonge, awalishe siku iyo hiyo kabla hayajaoza. Soya lazima ikaangwe kwanza, kwa kuwa mbichi huzuia protini isisagike tumboni. Mashudu ya pamba yatumiwe kidogo tu, maana yana sumu yake. Na chochote kilichoota ukungu ghalani kitupwe, hata kikiwa gunia zima. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuanikwa juani.

Tena tusilishe kwa kukisia. Tuwape kiasi watakachokimaliza kwa robo saa, kisha tuache. Msimu uliofuata sisi tulifanya hivyo, na hatukuokota tena samaki waliokufa alfajiri.

Basi mwenye bwawa na aamke kabla ya jua kuchomoza, akayatazame maji yake. Akiwaona samaki wameinua vinywa juu wakitweta, asiwape chakula siku hiyo, bali afungulie maji mapya yaingie.